Tanuri za Montgomery

Waandishi wa tarehe, wasimuliapo mapambano ya watu, huanzia mimbarani au mahakamani. Jikoni hufika kwa nadra, na wakifika hawakai. Ndivyo ilivyokuwa kwa habari za mji wa Montgomery, katika jimbo la Alabama, Marekani, ambako watu weusi walisusa mabasi kwa siku 381, tangu tarehe 5 Desemba 1955 hadi tarehe 20 Desemba 1956. Sote twamjua Rosa Parks aliyekataa kuondoka kitini, na Martin Luther King aliyehutubu. Lakini mtunza hazina angeuliza swali jingine: nani alilipia petroli?

Maana si wote waliokwenda kwa miguu. Chama chao kiliendesha magari yapatayo 300 ya kuwapeleka watu kazini na kuwarudisha, na gari halinyweshwi hotuba.

Sehemu ya fedha hizo ilitoka katika tanuri za nyumbani. Georgia Gilmore, mpishi na mama wa watoto sita, alikuwa amekwisha kuyaacha mabasi tangu Oktoba 1955. Dereva alipokea nauli yake mlango wa mbele, akamwamuru ashuke akaingilie mlango wa nyuma, kisha akaondoa basi na fedha yake humo. Mgomo ulipoanza, yeye na wenzake walichanga dola 14, wakanunua kuku, mikate na majani ya saladi, wakauza sandwichi mkutanoni. Hiyo ndiyo rasilimali yao yote. Baadaye wakaoka keki na pai, kila mmoja jikoni kwake, zikauzwa makanisani, katika vituo vya teksi na katika nyumba za kusukia nywele.

Chama chao walikiita Club from Nowhere, yaani chama kisichotoka popote, na jina hilo halikuwa mzaha mtupu. Wengi wa waokaji walikuwa watumishi wa wazungu, na aliyejulikana angeweza kupoteza kazi. Kwa hiyo Gilmore peke yake ndiye aliyejua nani ameoka na nani amenunua. Na kati ya wanunuzi walikuwamo wazungu pia. Fedha ikiulizwa imetoka wapi, jibu lilikuwa tayari.

Upande mwingine wa mji Inez Ricks akaunda Friendly Club, na vyama hivi viwili vikashindana mbele ya mkutano wa Jumatatu, kipi kimeleta zaidi. Aliyepata habari za mashindano ya vyama vya lelemama katika pwani yetu hatastaajabu. Mwaka ule ule wa 1955 Bibi Titi Mohamed alikuwa akipita katika vyama vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam, akiwaingiza katika TANU. Hawakujuana hawa na wale, ila wote walijua kwamba chama cha wanawake kilichokwisha kuzoeana ni bora kuliko kamati mpya.

Gilmore mwenyewe hakujificha. Machi 1956 alitoa ushahidi katika kesi ya King, akafukuzwa kazi. King akamshauri aache kuwatumikia wengine, apike kwake na kuuza, akampa na fedha za kuanzia. Hivyo biashara iliyozaliwa kwa ajili ya mgomo ikawa riziki ya nyumba yake, na wateja wakala wamebanana mezani pake.

Tatizo linabaki kwa mtafiti. Siri iliyowalinda waokaji ndiyo iliyowafuta: jina la Gilmore limo hata katika kesi ya bustani za mji wake iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1974, lakini wengi wa wenzake hatuna hata majina yao. Kumbukumbu za mahakama hazikuandika nani alikoroga unga usiku.

Gilmore alifariki Machi 1990, akiwa ameandaa chakula kwa ajili ya miaka 25 ya maandamano ya Selma. Chakula hicho walikila waliokuja kumzika.