Kijana wa Marangu Aliyemchora Kristo Mweusi

Ingia sebule nyingi za Same, na hata za Mbaga na Suji kule milimani, utaikuta Karamu ya Mwisho imetundikwa karibu na kalenda ya kanisa. Ni nakala ya Leonardo da Vinci, na mitume wote ni Wazungu. Pasaka ikikaribia, vijana huuliza: huyu Yesu ni wa kwetu? Jibu lilishachorwa ukutani na kijana wa mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, na inauma kwamba wanaomfahamu ni wachache.

Elimo Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, katika Uchaga uliohubiriwa na wamisionari Walutheri wa Leipzig, walewale waliofika Shigatini, huku Upare, mwaka 1900. Alisomea sanaa Chuo cha Makerere, ambako Sam Ntiro wa Machame alikuwa amemtangulia na kuwa mwalimu.

Makerere ndiko kulikokuwa na mvutano kuhusu namna ya kufundisha sanaa, na George Kyeyune, mchongaji na mwanahistoria wa sanaa wa chuo hicho, ameandika kwa kina kuuhusu. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha mwaka 1937, hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Alisimulia kisa, mara nyingi cha Biblia, kila mmoja akakichora alivyokiona kichwani, kwa mandhari ya kwao. Cecil Todd, aliyempokea kijiti mwaka 1958, aliona huko ni kuwafungia vijana ndani. Akaleta historia ya sanaa ya Ulaya, magwiji wa Italia wakiwamo, pamoja na kanuni za rangi. Wafuasi wa Trowell walihofia vijana watapoteza macho yao wenyewe. Todd alitaka wasimame na wachoraji wa dunia nzima.

Mimi namwelewa Todd, maana ukiwasoma Waitalia vizuri hutawaiga. Leonardo alichora karamu ile kati ya 1495 na 1498, kwenye ukuta wa bwalo la watawa wa Dominiko, Milan. Ukarabati uliokamilika mwaka 1999 ulifichua vyakula vya mezani: vipande vya mkunga na machungwa. Msabato wa Suji au Mamba atashtuka, kwani mkunga ni samaki anayekatazwa na Walawi 11! Kumbe Leonardo alimwandalia Bwana chakula cha Italia, na watawa wakala wakimtazama.

Njau, mwanafunzi wa Trowell, naye alimchora Bwana kati ya wenyeji, Murang'a, Kenya. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa miaka ya Mau Mau. Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi mwaka 1955. Mwaka 1959 Njau akachora kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu, Gethsemane na msalaba. Kristo ni Mwafrika, waliomzunguka ni Wagikuyu, na nyuma yao ni vilima vya Murang'a.

Baadaye alianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa Nairobi, mwaka 1965, kilichoungua mwaka 1997. Naye Ntiro, mwenzake wa Machame, picha yake ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York mwaka 1960.

New York waliiona thamani ya sanaa ya vijana wetu. Sisi Upare tunaendelea kununua nakala. Makanisa yanayojengwa sasa Same yana kuta pana, nyeupe, tupu. Wazee wa kanisa, kabla ya kuagiza picha nyingine ya dukani, wapelekeni vijana Murang'a wakaone, kisha wapeni ukuta.