Usajili wa vyombo vya moto vilivyoundwa upya

Chombo cha moto kilichoundwa upya ni gari au pikipiki iliyobadilishwa umbo na fundi, kwa mfano pikipiki iliyofungwa bodi ya mizigo ikawa ya magurudumu matatu.

Tanzania Bara vyombo vya moto husajiliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Kadi huonyesha namba za chasisi na injini. Zisipolingana na za chombo chenyewe, umiliki huwa mgumu kuthibitishwa.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto (Sura 169) inadai angalau bima ya mtu wa tatu, yaani "bima ndogo". Hiyo hufidia watu wengine walioumizwa au kuuawa katika ajali, lakini haimlipi mmiliki hasara ya chombo chake.