Ufafanuzi: Kwa nini viwanda vya kurutubisha urani huogopa maji

Mwezi Juni 2025, Israel iliposhambulia vituo vya nyuklia vya Iran, kikiwemo cha Natanz, hofu ilitanda katika nchi jirani za Ghuba, ambazo kwa sehemu kubwa hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Miundombinu ya umeme ya Natanz iliharibiwa. Kwa wengi wanaokumbuka Fukushima, hitimisho lilikuwa jepesi: umeme ukikatika, pampu za kupozea husimama, na kinachofuata ni kuyeyuka kwa kinu.

Hitimisho hilo ni sahihi kwa kinu cha nyuklia. Natanz si kinu. Ni kiwanda cha kurutubisha urani, na hatari yake ni ya namna nyingine kabisa. Sehemu ya mkanganyiko huu inatokana na lugha yenyewe, kwani katika Kiswahili cha habari neno "kinu" limezoeleka kubebeshwa kila jengo lenye uhusiano na atomi. Makala hii inaeleza kinachopozwa ndani ya kiwanda cha urutubishaji, kwa kitu gani, na kwa nini wahandisi wake huhofia zaidi maji yanayoingia kuliko joto linalopanda.

Joto linatoka wapi?

Katika kinu, joto huzalishwa na mafuta yenyewe ya nyuklia, na huendelea kuzalishwa hata baada ya kinu kuzimwa. Katika kiwanda cha urutubishaji hakuna mpasuko wa atomi. Urani huunganishwa na florini ili ipatikane heksafloridi ya urani, kitu kigumu cheupe ambacho katika mgandamizo wa kawaida wa hewa hugeuka gesi kwenye nyuzi joto 56.5 za Selsiasi. Gesi hiyo ndiyo inayochujwa hatua kwa hatua, hadi kiwango cha urani 235 kipande kutoka asilimia 0.7 ya asili hadi kati ya asilimia 3 na 5 inayohitajika na vinu vingi vya umeme.

Kwa miongo kadhaa Marekani na Ufaransa zilichuja gesi hiyo kwa kuipenyeza kwenye viwambo vyenye vitundu vidogo mno. Hatua moja huleta tofauti ndogo sana, hivyo kiwanda cha Georges Besse kilichopo Tricastin, kusini mwa Ufaransa, kilihitaji hatua 1,400. Kila hatua ilikuwa na kompresa ya kusukuma gesi, na karibu umeme wote ulioingia kwenye kompresa uligeuka joto. Kiwanda cha Paducah, katika jimbo la Kentucky, kilipofanya kazi kwa kiwango chake cha juu kilihitaji takribani megawati 3,000, ambazo ni nyingi kuliko uwezo wote wa Bwawa la Julius Nyerere nchini Tanzania wa megawati 2,115. Joto la kiasi hicho lilipaswa kuondolewa usiku na mchana.

Kinga iliyo katikati

Njia nyepesi ingekuwa kupitisha mabomba ya maji baridi ndani ya gesi. Hilo haliwezekani. Heksafloridi ya urani ikikutana na maji, hata unyevunyevu wa hewa, hugeuka papo hapo kuwa vitu viwili: floridi ya uranili, ambayo ni sumu kwa figo, na haidrojeni floridi, gesi inayounguza macho, ngozi na mapafu. Tarehe 4 Januari 1986, katika kiwanda cha kutengeneza gesi hiyo mjini Gore, jimbo la Oklahoma, mtungi uliojazwa kupita kiasi ulipasuka ulipokuwa ukipashwa moto. Mfanyakazi mmoja alifariki dunia. Kilichomuua ni kuvuta haidrojeni floridi, si mionzi.

Kwa sababu hiyo viwanda vya Paducah na Portsmouth, hiki cha pili kikiwa Ohio, viliweka kipozaji cha tatu kati ya gesi na maji. Kilikuwa freoni ya aina ya R-114, ndugu wa gesi zilizotumika zamani katika majokofu. Freoni ilichemka ndani ya mirija iliyozungukwa na gesi ya urani, ikapanda juu ikiwa mvuke, ikapozwa na maji katika chombo tofauti, kisha ikarudi chini ikiwa kiowevu. Maji nayo yalikwenda kwenye minara ya kupozea. Freoni ilichaguliwa kwa kuwa haishambuliani na heksafloridi ya urani katika mazingira ya kawaida ya kazi, na kwa kuwa R-114 haina haidrojeni, jambo ambalo umuhimu wake utaonekana hapa chini.

Mabomba yote huvuja siku moja. Kanuni ya usalama ilikuwa kuamua mapema uvujaji utaelekea wapi. Mgandamizo wa freoni uliwekwa juu ya ule wa gesi ya urani na juu ya ule wa maji, ili tundu likitokea upande wowote freoni itoke nje na maji yasiingie ndani. Wakati mgumu ulikuwa pale sehemu ya kiwanda inapozimwa. Freoni ikipoa, mgandamizo wake hushuka, na maji yanaweza kuushinda. Waendeshaji walitakiwa kufuatilia tofauti hiyo na kuyafungia maji kabla mizani haijageuka.

Freoni iliyovujia kwenye gesi nayo haikuachwa hivihivi. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko heksafloridi ya urani, ilipanda hatua kwa hatua hadi kileleni mwa msururu, ambako ilitambuliwa kwa vipimo na kuondolewa. Ikiingia kwa wingi ghafla ingeongeza mgandamizo na kuitoa gesi nje. Aidha, florini na kemikali nyingine kali zilizotumika kusafishia mitambo zingeweza kulipuka zikichanganyika na freoni. Hata ubaridi ulikuwa na mipaka yake, maana gesi ikipozwa kupita kiasi huganda ndani ya mabomba na kuyaziba.

Funzo la Tokaimura

Sababu ya pili ya kuyaogopa maji ni haidrojeni yake, ambayo hupunguza kasi ya nyutroni. Urani iliyorutubishwa kidogo, ikiwa kavu, haiwezi kuanzisha mfululizo wa mipasuko. Ikilowa, na ikiwa nyingi mahali pamoja, inaweza.

Tukio la Tokaimura, Japani, linaeleza hili kuliko michoro yoyote. Kiwanda hicho kilikuwa cha kuandaa mafuta ya nyuklia, si cha kurutubisha, lakini somo ni lilelile. Tarehe 30 Septemba 1999, wafanyakazi walimimina kwa ndoo mchanganyiko wenye takribani kilo 16 za urani iliyorutubishwa karibu asilimia 19, ndani ya tangi ambalo kikomo chake kilikuwa kilo 2.4. Mipasuko ilianza papo hapo. Tangi lilizungukwa na koti la maji ya kupozea, na maji hayo yaliendelea kuzirudisha nyutroni ndani. Kwa takribani saa 20 mipasuko haikukoma. Ilikoma pale wafanyakazi walipoingia kwa zamu fupifupi na kuyaondoa maji yaliyomo kwenye koti, kisha asidi ya boriki ikamiminwa ndani ya tangi. Wafanyakazi wawili walifariki dunia miezi iliyofuata. Mfumo uliowekwa kwa ajili ya kupoza ndio uliokuwa ukiuhifadhi moto usioonekana.

Gharama iliyolipwa angani

Freoni iliwalinda wafanyakazi, lakini iliyovuja ilikwenda kula tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliiwekea mipaka, na kuanzia mwaka 1996 nchi zilizoendelea zilisitisha utengenezaji wake kwa matumizi ya kawaida. Viwanda vya Marekani viliendelea kujaza mitambo kwa akiba iliyokuwepo. Suluhisho la kweli halikupatikana kwenye kipozaji kipya. Portsmouth iliacha kurutubisha mwaka 2001, na Paducah mwaka 2013. Georges Besse, iliyokuwa ikila umeme wa karibu vinu vitatu kati ya vinne vya jirani yake, ilizimwa mwaka 2012. Maji yake ya moto yalikuwa yakipasha joto nyumba za Pierrelatte na hata shamba la mamba.

Mashinepewa zilizochukua nafasi hiyo hutumia umeme mdogo zaidi kwa takribani mara 50. Huzungusha gesi kwa kasi kubwa mno ndani ya ombwe, mgandamizo ukiwa chini ya ule wa hewa ya nje, hivyo tundu dogo huvuta hewa ndani badala ya kutoa gesi. Upozaji upo bado, wa mitambo ya umeme na wa mahali gesi inapogandishwa ili kuwekwa kwenye mitungi. Katika viwanda vya kisasa vya Ulaya kazi hiyo ya kugandisha hufanywa kwa hewa baridi.

Hivyo, umeme ulipokatika Natanz, kilichokuwa hatarini zaidi ni mashinepewa zenyewe, ambazo huharibika zikipoteza mwendo ghafla. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilisema kulikuwa na uchafuzi wa mionzi na kemikali ndani ya kituo, na kwamba kiwango cha mionzi nje hakikuongezeka. Natanz iko bara, katika mkoa wa Isfahan. Mashine za kupima mionzi zilizopo pwani ya Ghuba hazitambui haidrojeni floridi, na gesi hiyo ni hatari kwanza kwa wale walio karibu na kiwanda.

Kituo cha Bushehr ni jambo jingine. Kina kinu halisi, kiko ufukweni, na hupozwa kwa maji ya bahari ileile wanayokunywa majirani. Tarehe 20 Juni 2025 Mkurugenzi Mkuu wa IAEA, Rafael Grossi, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa Bushehr ndicho kituo cha Iran ambacho kikishambuliwa madhara yake yangekuwa makubwa zaidi, na kwamba kukatika kwa njia zinazokipelekea umeme kungeweza kuyeyusha kiini cha kinu.