Uchechemuzi wa sera za umeme wa jua (Morogoro na Milima ya Uluguru)

Uchechemuzi wa sera za umeme wa jua ni juhudi za wananchi, vikundi vya wakulima, mafundi na asasi za kiraia za kuishawishi serikali itunge au irekebishe sheria, kodi na kanuni ili sola iwafikie watu wengi kwa bei wanayoimudu. Katika vijiji vya Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kazi hii haifanywi kwa maandamano wala mabango. Hupitia mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, mitandao ya wakulima na vikao vya kutoa maoni kuhusu bei. Kwa kuwa hufanyika kimyakimya, ni rahisi kudhani haipo.

Mazingira

Morogoro ni kati ya mikoa inayobeba umeme wa taifa. Kituo cha Kidatu kwenye Mto Ruaha Mkuu kina uwezo wa megawati 204, na Kihansi, mpakani na Iringa, megawati 180. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililosanifiwa kwa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Uluguru yenyewe ni chimbuko la Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa miongo mingi wakazi wa milima hiyo walitazama taa za mji wa Morogoro zikiwaka bondeni huku wao wakiwasha vibatari.

Sababu kubwa ni umbo la nchi. Kuanzia Mgeta hadi Matombo na Kinole, nyumba zimetawanyika migongoni mwa milima, kila ukoo ukikaa karibu na ardhi yake. Nguzo hufuata barabara, na kaya iliyo juu ya mteremko hubaki mbali na waya hata pale kijiji chake kinapohesabiwa kuwa kimefikiwa. Wengi hawakusubiri. Utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa asilimia 32.8 ya kaya za Tanzania Bara zilikuwa na umeme. Vijijini, karibu theluthi mbili ya kaya zenye umeme zilitumia sola. Sehemu kubwa ya vifaa hivyo ilinunuliwa kwa fedha za wanakijiji wenyewe, kwa mauzo ya mavuno au kwa mikopo ya vikundi. Watu hao ni wawekezaji wa nishati, na wanastahili kusikilizwa kwa cheo hicho.

Jua la Uluguru halilingani kila upande. Miteremko ya mashariki hupata mvua nyingi na ukungu, ilhali upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Kwa hiyo hoja inayofaa mahali hapa ni ya sola pamoja na mitambo midogo ya maji. Sera inayotoa kifurushi kimoja kwa nchi nzima haiwatoshi watu wa milimani.

Mizizi

Waluguru, wenyeji wa milima hii, wana historia ya kukataa sera zinazoshushwa kutoka juu bila wao kuulizwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi chini ya mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Julai 1955 hasira zililipuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango huo ukaporomoka. Lengo la kuzuia mmomonyoko lilikuwa na msingi. Kilichouua mpango ni amri bila mashauriano, na ofisa yeyote anayepeleka mradi wa nishati milimani angefaa kuisoma habari hiyo kwanza.

Mjini Morogoro kuna makao makuu ya MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima wadogo ulioanza mwaka 1993 kwa uhusiano wa karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Haukuundwa kwa ajili ya nishati, lakini umewazoesha wakulima kusema wenyewe mbele ya watunga sera, na bila mazoea hayo hoja ya sola haifiki mbali.

Upande wa nishati, asasi ya TaTEDO ilianza mwaka 1990. Huko Karagwe, mkoani Kagera, asasi ya KARADEA ilikuwa ikifundisha mafundi wa sola tangu miaka hiyo ya 1990, kabla soko halijawa na jina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wadau waliunda jumuiya ya sola, TASEA, ambayo baadaye ilipanuka na kuwa TAREA, jumuiya ya nishati jadidifu. Mwaka 2017 CAN Tanzania, mtandao wa asasi za mabadiliko ya tabianchi, na washirika wake walichapisha mwongozo wa kisera wa kuifikisha nchi kwenye nishati jadidifu kwa asilimia 100.

Sheria na bei

Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda REA, ambayo ilianza kazi mwaka 2007, pamoja na Mfuko wa Nishati Vijijini. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilifungua mlango kwa wazalishaji wadogo, na mwaka 2018 zikatolewa kanuni zinazomruhusu mwenye sola kuingiza ziada yake kwenye gridi na kufidiwa katika hesabu yake.

Lakini mgogoro halisi ni bei. Chini ya kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mradi wa umeme usiozidi kilowati 100 haukuhitaji idhini ya bei kabla ya kuanza kuuza umeme. Hata hivyo, asilimia 15 ya wateja wakilalamika, EWURA iliweza kuipitia bei hiyo upya. Kifungu hicho kilikuwa silaha adimu: saini za wanakijiji zilikuwa na uzito wa kisheria. Ajabu ni jinsi kilivyojulikana kidogo na wale kilichowekwa kwa ajili yao.

Mwaka 2020 serikali iliagiza gridi ndogo za vijijini, zikiwemo za visiwa vya Ziwa Victoria, ziuze uniti moja kwa shilingi 100, sawa na mtumiaji mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Kabla ya hapo wateja walikuwa wakilipa mara nyingi zaidi ya kiasi hicho. Wanakijiji walifurahi, na walikuwa na haki. Hakuna sababu ya maskini wa kisiwani au mlimani kulipa uniti kwa bei kubwa kuliko mkazi wa Oysterbay, mtaa wa kitajiri wa Dar es Salaam. Kasoro ni kwamba agizo lilikuja bila ruzuku ya kuziba pengo, na uwekezaji ukasinyaa. Uchechemuzi unaodai bei nafuu peke yake unaishia nusu ya njia. Dai kamili ni bei ileile kwa wote, na tofauti ilipwe na mfuko wa umma, kama gridi ya taifa inavyobebwa na fedha za umma.

Kodi nayo ni uwanja wa mapambano. Kenya iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifaa vya sola mwaka 2020, wadau wakapiga kelele, na mwaka uliofuata msamaha ukarudishwa. Nchini Tanzania, muswada wa fedha hujadiliwa Juni, na Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau kwa siku chache tu. Mkulima wa Nyandira, huko Mgeta, hawezi kufika Dodoma kwa muda huo. Njia yake ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na muhtasari wake kupelekwa kwa diwani na mbunge mapema. Vikundi vinavyoanza kuandika hoja Januari vina nafasi. Vinavyoanza Juni vimechelewa.

Hali ya sasa

Serikali imetangaza kuwa umeme umefika katika vijiji vyote, ambavyo ni zaidi ya 12,000, na sasa kazi imehamia kwenye vitongoji zaidi ya 64,000. Katika mkutano wa Misheni 300, mpango wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300, uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025, Tanzania iliahidi kuunganisha wateja milioni 8.3 ifikapo 2030. Kwa Uluguru, madai yaliyo mezani ni kuhesabu kaya badala ya vijiji, kuitambua sola ya kaya ambazo waya hautazifikia karibuni, ukaguzi mkali wa paneli na betri bandia madukani, na utaratibu wa kukusanya betri chakavu zisitupwe kwenye vijito vinavyoingia Ruvu.