"Kawaida" si "salama": historia ya namba moja kwenye karatasi ya majibu ya damu



Fikiria umetoka maabara, karatasi ya majibu iko mkononi. Majina ya vipimo husomi, maana ni marefu na yanatisha. Jicho linakimbilia safu ya pembeni, ile ya "kiwango cha kawaida". Namba yako imo ndani? Basi unashusha pumzi, unakunja karatasi na kwenda zako kunywa chai.

Leo nataka nikuharibie chai hiyo kidogo. Swali ni dogo tu: hicho "kiwango cha kawaida" alikipanga nani, na alimpima nani ili akipate? Kwa vipimo vingi swali hili halikuumizi kichwa. Ila kwa sumu inayoingia mwilini kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, limeshagharimu akili za watoto wengi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni risasi. Siyo ya bunduki, nazungumzia yale madini mazito na laini ambayo ya bunduki ilipewa jina lake.

Mtu aliyepima kila mtu akamkuta nayo

Twende Marekani, miaka ya 1920. Wahandisi wa magari walikuwa wamegundua kwamba ukitia kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Oktoba 1924, wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha New Jersey kilichotengeneza dawa hiyo walianza kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Watano wakafa. Mwaka 1925 serikali ikaitisha mkutano, na daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, akawa miongoni mwa waliopinga petroli hiyo. Haikusaidia. Mafuta yakarudi sokoni.

Tangu hapo, kwa karibu miaka 40, sauti kubwa kuhusu risasi mwilini ilikuwa ya daktari mmoja wa Cincinnati, Robert Kehoe. Maabara yake ililipiwa na viwanda vilevile vilivyouza dawa ile, lakini kabla hujamhukumu, sikiliza alichokifanya, maana kinaonekana cha kisayansi kabisa. Alipima wafanyakazi waliogusa risasi, akaikuta miilini mwao. Akapima wasioigusa, akaikuta pia. Akaenda hadi kwa wakulima wa vijiji vya mbali nchini Meksiko, watu wasio na magari, na huko nako akaikuta. Hitimisho lake: risasi mwilini ni jambo la asili, mwili unaiingiza na kuitoa, na hakuna madhara mpaka damu ifikishe mikrogramu 80 kwa desilita.

(Mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Desilita ni kama nusu kikombe cha chai. Kuanzia hapa nitataja namba tu.)

Umeona kosa liko wapi? Wale wakulima wa Meksiko walikuwa wanapika na kulia kwenye vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa rangi yenye risasi. Yaani Kehoe alilinganisha watu wenye sumu na watu wengine wenye sumu, akaona wanafanana, akasema wote wazima. Ni sawa na kupima joto la wagonjwa wote wodini, ukatafuta wastani, ukaiita homa "kawaida".

Mtu aliyesafisha maabara kwanza

Aliyemuumbua hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa miamba, Clair Patterson, aliyetaka kujua dunia ina umri gani. Njia yake ilihitaji kupima risasi kidogo mno ndani ya kimondo, na kila akipima, majibu yalikataa kukaa sawa. Risasi ilikuwa kila mahali: kwenye vumbi, kwenye maji ya kuoshea vyombo, kwenye nywele zake mwenyewe. Ikabidi asafishe. Akasugua sakafu, akachuja hewa, akachemsha vyombo kwenye asidi. Mwaka 1956 akachapisha jibu ambalo bado tunalitumia: dunia ina miaka bilioni 4.55.

Mtu mwingine angefurahi akaishia hapo. Patterson akajiuliza: kama risasi imejaa maabara yangu kiasi hiki, imetoka wapi? Akapima maji ya bahari, akakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini, ishara kwamba inanyesha kutoka angani na imeanza juzi tu. Baadaye akapima barafu ya kale, na mwaka 1979 yeye na wenzake wakachapisha vipimo vya mifupa ya watu walioishi Peru miaka 1,600 iliyopita. Mifupa ya Wamarekani wa kisasa ilikuwa na risasi mamia ya mara zaidi.

Lakini pigo lenyewe alilitoa mapema, mwaka 1965, katika makala iliyotofautisha maneno mawili ambayo Kehoe aliyachanganya. Damu ya Mmarekani wa wakati ule, aliandika, ilikuwa na risasi kama mara 100 ya kiwango cha asili. Ilikuwa *kawaida*, ndiyo, kwa maana kila mtu alikuwa nayo. *Asili* haikuwa. Na kama si ya asili, nani amekwambia ni salama? Mwaka 1966 wote wawili walihojiwa mbele ya kamati ya Seneti. Kehoe hakubadili msimamo.

Jino linakumbuka

Sasa utauliza, na ni haki yako: sawa, ipo nyingi, lakini inadhuru nini mtu ambaye hata haumwi?

Dalili ya kwanza ilikuwa imeshaonekana Boston mwaka 1943. Randolph Byers na Elizabeth Lord waliwafuatilia watoto 20 waliowahi kuugua sumu ya risasi, wakatibiwa, wakaruhusiwa kwenda nyumbani wakiwa "wamepona". Shuleni, 19 kati yao walikuwa wanahangaika. Kupona kwa faili la hospitali na kupona kwa ubongo ni vitu viwili.

Herbert Needleman alikwenda mbele zaidi, akawaangalia watoto ambao hawakuugua kabisa. Shida yake ilikuwa ya kipimo. Damu ina kumbukumbu fupi: nusu ya risasi iliyomo huondoka ndani ya mwezi hivi. Inayobaki mwilini hujificha kwenye mifupa na hukaa huko miongo. Kwa hiyo mtoto aliyelishwa sumu miaka mitatu iliyopita anaweza kuwa na damu nzuri tu leo. Needleman akatafuta mfupa ambao mtoto anautoa mwenyewe bila kisu: jino la utoto. Walimu wa miji ya Chelsea na Somerville, Massachusetts, wakamkusanyia meno ya wanafunzi wao. Majibu yakachapishwa 1979. Waliokuwa na risasi nyingi menoni walikuwa nyuma kwenye vipimo vya akili kwa pointi kadhaa, na walimu wao, ambao hawakujua majibu ya meno, waliwaelezea kuwa watoto wasiotulia. Baadaye alishtakiwa kwamba alichezea takwimu. Uchunguzi ukamsafisha.

Na hapo ndipo damu ikatoa ushahidi wake mkubwa. Kati ya 1976 na 1980 serikali ya Marekani ilifanya uchunguzi wa afya wa taifa zima, na sampuli za damu zikapimwa risasi. Ilisadifu kwamba miaka hiyohiyo risasi kwenye petroli ilikuwa inapunguzwa. Wastani wa damu ya Wamarekani ukashuka kutoka 14.6 hadi 9.2, na mchoro wa damu ukafuata mchoro wa petroli kama kivuli na mwenye nacho. Hapakuwa na dawa wala sindano. Bomba moja tu lilifungwa, na damu ya taifa ikabadilika.

Uzio unaohama

Sasa tazama namba ambayo wataalamu wa Marekani waliitumia kusema "huyu mtoto tumshughulikie". Miaka ya 1960: 60. Mwanzoni mwa miaka ya 1970: 40. Mwaka 1975: 30. Mwaka 1985: 25. Mwaka 1991: 10. Mwaka 2012: 5. Tangu 2021: 3.5.

Mtoto mwenye 28 mwaka 1980 alirudishwa nyumbani na karatasi safi. Mtoto huyohuyo leo angeitiwa daktari siku hiyohiyo. Mwili wa binadamu haukubadilika hata chembe katika miaka hiyo. Kilichohama ni uzio.

Na hata 3.5 usiikumbatie. Siyo mpaka wa usalama. Ilipatikana kwa kuwapanga watoto wa Marekani kwa kiwango cha risasi, kisha ukachorwa mstari unaowatenga asilimia 2.5 walio juu kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Tofauti na zama za Kehoe ni kwamba siku hizi wanaoweka namba wanakiri kuwa ni namba ya kulinganishia tu.

Mombasa, na mtoto aliyepimwa malaria

Kama unadhani haya ni mambo ya Wamarekani, twende Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaanza kuugua. Wakampima malaria. Wakampima taifodi. Majibu yote hayakuonyesha kitu, na mtoto bado anaumwa.

Nani angewalaumu? Risasi haina dalili ya peke yake. Tumbo linauma, damu inapungua, mtoto hali, hatulii. Kwetu hiyo ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo hakijibu swali ambalo hujakiuliza. Ilipokuja fikra ya kupima risasi ndipo jibu likapatikana, na watu wengine wa mtaani walipopimwa, nao wakakutwa nayo.

Hapo karatasi ya maabara ikageuka kuwa silaha. Kiwanda kilifungwa 2014, Omido akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua. Mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita tangu mtoto yule alipotolewa damu.

Ukishajua, unafanya nini?

Watu wengi wakisikia sumu wanaomba dawa. Dawa zipo, zinazoshika madini na kuyatoa kwa mkojo, na kwa mtoto mwenye 45 kwenda juu zinaokoa maisha. Lakini mwaka 2001 yalitoka majibu ya jaribio la Marekani lililohusisha watoto 780 wenye kati ya 20 na 44. Dawa ilishusha risasi kwenye damu. Akili haikurudi.

Ndiyo maana huko Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi liliua mamia ya watoto, madaktari walikataa kuanza dawa kwenye kijiji ambacho udongo wake haujasafishwa. Kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kuteka maji kwa pakacha. Tiba ya kwanza ya sumu ya muda mrefu ni kujua inatoka wapi na kuiziba: betri, rangi ya ukuta inayobanduka, wanja wa aina fulani, vyombo vya udongo vya kung'arishwa.

Na tahadhari ya mwisho. Kuna wanaouza kipimo ambacho unapewa kwanza dawa ya kuvuta madini, ndipo unapimwa mkojo. Namba ikitoka juu, unaambiwa umejaa sumu. Lakini kiwango unacholinganishwa nacho kimetoka kwa watu ambao hawakunywa dawa hiyo! Dawa ikivuta, kila mtu anatoka juu. Hilo ni kosa la Kehoe lililogeuzwa kichwa chini miguu juu: yeye alichagua ulinganisho uliomfanya kila mtu aonekane mzima, hawa wamechagua unaomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Hata kipimo halali kina masharti. Tone la damu kutoka kwenye kidole chenye vumbi linaweza kudanganya, kama maabara ya Patterson ilivyomdanganya, ndiyo maana majibu ya juu hurudiwa kwa damu ya mshipa.

Kwa hiyo siku nyingine ukishika karatasi yako, soma ile safu ya pembeni, lakini usiishie hapo. Muuliza daktari: hawa ninaolinganishwa nao ni akina nani, na wao walikuwa wanavuta hewa gani? Akikuangalia kwa mshangao, mweleze habari za wakulima wa Meksiko na vyombo vyao vya udongo.

Chai yako imeshapoa. Samahani.