Ngitili: Rutuba Iliyokatwa kwa Shoka la Dola

Simulizi iliyozoeleka kuhusu Shinyanga husema kwamba nchi ya Wasukuma iligeuka nusu jangwa kwa wingi wa ng'ombe. Simulizi hiyo inaacha nje shoka la dola.

Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la miti na nyasi linalofungwa mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi, malisho yanapoadimika kwingineko. Wengi huiona kuwa akiba ya majani tu. Lakini migunga, kwa msaada wa bakteria waishio mizizini mwake, huvuna nitrojeni ya hewani. Mizizi huvuta madini kutoka chini, na majani yakipukutika huyarudisha juu. Ng'ombe hulisha humo mchana, usiku hulala zizini, na samadi ya zizi hurutubisha shamba. Mnyama ni mchukuzi wa rutuba. Mti ndio unaoijaza ghala upya. Ukiufyeka mti, mchukuzi anabaki kuhamisha kisichorudishwa, kisha yeye ndiye anayelaumiwa.

Kuanzia miaka ya 1920, Waingereza walisimamia ufyekaji wa vichaka ili kuwatokomeza mbung'o, utafiti ukiongozwa na Charles Swynnerton kutoka Old Shinyanga. Haukuwa wendawazimu, kwani nagana iliua mifugo kwelikweli. Kisha pamba ikadai ardhi zaidi. Pigo zito, kwa maoni yangu, lilitoka kwetu wenyewe: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Ngitili hulindwa na mwenyewe anayejulikana na majirani wanaomheshimu. Mwenye ngitili akishahamishwa, nani atamzuia mchungaji?

Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizotambuliwa zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miche ya vitaluni pekee isingefika huko. Visiki vya zamani viliachwa vichipue, sheria za kimila zikarudi, dagashida ikaamua na sungusungu wakasimamia.

Hata hivyo, ndugu msomaji, ngitili nyingi ni za kaya binafsi, na mwenye ardhi kubwa ndiye awezaye kufunga eneo kubwa. Asiye na yake hununua malisho kiangazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi hiyo. Suala la mlipaji huyu linapaswa kuanza kusikilizwa hapo.