Tredegar, mji uliojilipia madaktari

Sisi wa Katanga tukisikia neno mgodi, mara tunafikiri kambi, posho, kantini na hospitali ya kampuni. Kila kitu kilitoka mkononi mwa Union Minière, baadaye Gécamines, na kampuni ilipodhoofika, hospitali nazo zilidhoofika. Ndiyo maana tunapenda kueleza hapa habari za mji mmoja wa Wales, nchi ndogo iliyo magharibi mwa Uingereza. Ulianza kama miji yetu, kisha ukashika njia yake.

Mji huo ni Tredegar, katika bonde la mto Sirhowy. Zamani pale palikuwa malisho tu, mji hapana. Mwaka wa 1800 Samuel Homfray na wenzake walikodi ardhi ya Sir Charles Morgan, wakaanzisha kiwanda cha kuyeyusha chuma. Watu wakamiminika. Kampuni ikajenga nyumba, ikafungua na duka: mtu analipwa leo, kesho pesa imerudi kwa tajiri yule yule. Kumbe kantini haikuanzia kwetu! Watu walibanana, maji safi yalikuwa haba, na kipindupindu kikaingia mwaka wa 1832, kikarudi 1849. Wafu walizikwa mbali, juu mlimani Cefn Golau, na makaburi yao yangali kule.

Polepole makaa ya mawe yalishinda chuma. Katika bustani ya Bedwellty lipo bado donge moja la makaa lenye tani 15, lililochimbwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya London ya 1851. Halikufika: waliogopa litavunjika njiani.

Lakini jambo lililotufanya tuandike ni lingine. Chini ya ardhi watu walivunjika mifupa, na vumbi liliwaua mapafu. Basi mwaka wa 1890 wafanyakazi walikuwa na chama chao cha matibabu. Kila mmoja alikatwa peni 3 katika kila pauni ya mshahara, wakati pauni ilikuwa na peni 240. Kwa hizo, yeye na jamaa yake walipata daktari na dawa. Tena kamati ilichaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na ndiyo iliyomwandika daktari kazi. Fikirini, daktari anaulizwa maswali na mtu mwenye makaa kwenye kucha! Si wote walifurahia. A. J. Cronin, aliyekuwa daktari pale miaka ya 1920, aliandika riwaya The Citadel mwaka wa 1937, na humo kamati ya namna hiyo haisifiwi sana.

Aneurin Bevan alizaliwa Tredegar mwaka wa 1897, akaingia mgodini Ty Trist akiwa na miaka 13. Baba yake, mchimbaji pia, alikufa 1925, mapafu yameharibiwa na vumbi. Kijana alikaa katika kamati ya hospitali ya mji, akawa mbunge 1929, na 1945 waziri wa afya. Tarehe 5 Julai 1948 matibabu ya bure yalianza Uingereza nzima. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba alikuwa anawapa wengine kile ambacho Tredegar ilikwisha kuwa nacho.

Mgodi wa Ty Trist ulifungwa mwaka wa 1959. Wakati huo mgonjwa wa Tredegar alikuwa anaingia kwa daktari bila kuulizwa kama bado ana kazi.